Vinywa viwili vya nyumba moja: kwa nini jino huoza, na kwa nini jino zima hung'oka lenyewe

Nyumbani kwetu Mikindani, mkoani Mtwara, kuna vinywa viwili vilivyonisumbua akili kwa muda mrefu. Cha kwanza ni cha mama yangu, aliyeshavuka miaka sabini. Tangu nimjue husafisha meno kwa kijiti cha mswaki: anakitafuna ncha mpaka inachanua nyuzi, kisha anakaa barazani anasugua huku akiitazama bahari. Dawa ya meno aliijua ukubwani na hakuipenda. Anasema inamuwasha ulimi. Cha pili ni cha mwanangu wa miaka tisa, mwenye mswaki wa plastiki na dawa yake, ambaye hupiga mswaki kila asubuhi kabla ya kwenda shule bila kukumbushwa.

Kwa hesabu ya haraka, mtoto ndiye angekuwa na meno mazima. Mwaka jana, ndani ya mwezi mmoja, wote wawili walipata taabu. Mtoto alianza kukataa kutafuna upande wa kushoto, na kila akila askrimu ya kwenye mfuko anashika shavu. Nilipomulika kwa tochi ya simu nikaona gego la chini lina tundu linaloweza kumeza punje ya mtama. Mama naye alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha, jino la mbele la chini likatoka lenyewe. Lilikaa kiganjani mwake zima, bila tundu hata moja, na mzizi wake wote.

Majirani walitupa maelezo yao. La mtoto, wakasema, ni mdudu. La bibi yake ni uzee. Sikuridhika. Nilimuuliza tabibu wa meno aliyemhudumia mtoto, nikaendelea kusoma kila nilipopata nafasi, na nilichokielewa mwishoni ni hiki: tunasema "ugonjwa wa meno" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni magonjwa mawili. Moja linakula jino lenyewe. La pili linakula kinachoshikilia jino, huku jino likibaki zima. Mtu anaweza kujikinga vizuri na moja na akaangamizwa na jingine, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Juu ya hayo mawili tumepandisha jambo la tatu, weupe wa meno, ambalo mara nyingi halina uhusiano wowote na afya.

Kinachoyaunganisha magonjwa haya ni ukoga. Ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya kuyasafisha, utakuta utelezi. Wengi tunadhani ni mabaki ya chakula. Ni bakteria, wengi mno, waliojishikiza kwenye jino kwa ute wao wenyewe. Kusukutua kwa maji hakuwaondoi, kama vile kumwaga maji kwenye jiwe la pwani hakuondoi mwani ulioota juu yake. Lazima ukoga usuguliwe. Ndiyo maana kijiti cha mama kina kazi ya kweli: kinasugua. Neno lenyewe mswaki tumelirithi kutoka Kiarabu, na kabla ya kuwa jina la kifaa cha dukani lilikuwa jina la kijiti na la mti wake.

Jino linavyotoboka

Gamba la nje la jino, enameli, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, linashinda hata mfupa. Lakini ni madini, na madini huyeyuka kwenye tindikali. Bakteria wa ukoga wakipata sukari, wanaila na kutoa tindikali hapohapo juu ya jino. Uchachu ukizidi kiasi fulani, yaani pH (kipimo ambacho hushuka uchachu unapopanda) ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake.

Kisha mate yanakuja. Mate yana madini ya kalsiamu na fosfeti, na yanapunguza uchachu. Baada ya nusu saa hivi, wakati mwingine hata saa nzima, hali inarudi sawa na madini yanaanza kurejea kwenye jino. Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano: ni kupwa na kujaa. Kila unapoweka kitu kitamu mdomoni, maji yanakupwa na jino linabaki wazi. Mate yakifanya kazi yake, maji yanajaa tena. Jino halitobolewi na kupwa mara moja. Linatobolewa pale kupwa kunapofuatana na kupwa, maji yasipate nafasi ya kujaa.

Hapa ndipo nilipoelewa siku ya mwanangu. Alfajiri chai ya sukari na andazi. Mapumziko ya saa nne, ubuyu. Saa saba anarudi na askrimu ya ukwaju. Njiani pipi. Jioni juisi ya pakiti kwa jirani, na usiku chai tena, akimaliza analala. Nilihesabu mara sita, na sikuhesabu kashata. Bibi yake alipokuwa binti mdogo, sukari ilinunuliwa kidogokidogo, ikafungwa kwenye karatasi, ikawekwa kwa ajili ya mgeni. Halua aliionja siku ya Idi. Meno yake hayakuwa imara kuliko ya mjukuu wake. Yalipewa muda wa kupumzika.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "mtoto amekula sukari kiasi gani" peke yake, bali "mara ngapi". Hili lilidhihirika kwa njia inayoumiza kuisimulia. Katika miaka ya 1940 nchini Sweden, kwenye taasisi ya Vipeholm iliyokuwa ikiwatunza watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, watafiti waliwalisha wakaazi sukari kwa namna mbalimbali ili waone meno yao yataozaje. Watu wale hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa, na leo utafiti ule unatajwa kama dhuluma. Lakini majibu yake yalibaki: sukari iliyoliwa pamoja na mlo ilileta madhara machache, na tofi za kunata zilizotafunwa kati ya mlo na mlo zilileta madhara makubwa sana.

Ubuyu nautaja kwa moyo mzito, maana naupenda. Mibuyu imejaa pwani yetu, na unga wake mtupu ni tunda la heshima. Ubuyu wa dukani, ule mwekundu, umevikwa sukari, wenyewe ni mchachu, tena unamung'unywa punje moja moja kwa nusu saa. Sukari, uchachu na muda vimekutana mahali pamoja. Soda nayo ni hivyohivyo: chupa ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi za sukari, sawa na vijiko vinane au tisa vya chai, na ukiinywa kidogokidogo kutoka saa tatu asubuhi hadi saa sita, kwa meno ni kana kwamba ulikunywa asubuhi nzima. Inywe na chakula, uimalize, unywe maji.

Kosa letu la pili lilikuwa saa ya kupiga mswaki. Usiku mate hupungua sana, ndiyo sababu tunaamka na kinywa kikavu. Mtoto aliyelala na chai mdomoni amelala maji yamekupwa, na hayajai mpaka asubuhi. Mswaki wa usiku, baada ya kitu cha mwisho kuliwa, una uzito kuliko wa asubuhi. Ukiweza yote mawili, vizuri. Ukilazimika kuchagua, chagua usiku. Mwezi wa Ramadhani hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa kula kote kunahamia usiku, tende na kaimati na uji mtamu. Anayechelea kutumia dawa ya meno akiwa amefunga anaweza kusafisha kwa dawa baada ya daku kabla ya adhana, na mchana akatumia kijiti.

Kuhusu dawa ya meno yenyewe, mama hakuwa sahihi kuikataa kabisa. Povu na harufu ya mnanaa ni mapambo. Kilicho cha maana ni floraidi, madini yanayojiunga na enameli na kuifanya igome zaidi kuyeyuka. Tafuta kwenye boksi maandishi yanayoonyesha floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa za malaria na za shinikizo la damu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiliwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Na jambo ambalo karibu sote tunalikosea: ukimaliza, tema, usisukutue kwa maji mengi, maana unaimwaga dawa kabla haijafanya kazi.

Gego la mwanangu nalo lina kisa chake. Nilidhani ni jino la utoto, litang'oka na kuota jingine. Tabibu alinisahihisha. Karibu na umri wa miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Mzazi haoni pengo, haoni damu, hajui kwamba mgeni wa kudumu ameshafika. Lina mifereji juu, liko mbali na mkono wa mtoto, na ndilo linaloanza kuoza kwa watoto wengi. Likipotea halina mbadala. Mwenye mtoto wa miaka sita au saba amulike leo.

Mdudu hayupo. Ninasema hivyo kwa heshima ya wazee wetu, maana maumivu yale yanafanana kweli na kitu kinachotafuna. Ndani ya enameli kuna dentini, iliyo laini zaidi na yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani ya dentini kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kuoza kukifika kwenye dentini, kitu cha baridi au kitamu kinachoma kidogo kisha kinaacha. Hapo jino bado linazibika. Kukifika kwenye kiini, maumivu yanakuja yenyewe, yanadunda, yanamwamsha mtu usiku. Kisha siku moja yanakoma. Watu wanashukuru kwamba dawa ya mizizi imefanya kazi, au karafuu. Karafuu inatuliza, hiyo ni kweli, mafuta yake yana ganzi ndani. Lakini mara nyingi maumivu yamekoma kwa sababu kiini kimekufa, na usaha sasa unatafuta njia chini ya mzizi. Ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu, au mgonjwa anashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, usisubiri asubuhi wala malipo ya korosho. Uambukizo wa jino unaoshuka shingoni unaua. Na usiweke aspirini juu ya ufizi, inauunguza.

Damu kwenye mswaki

Sasa nirudi kwa mama, kwa sababu ugonjwa wake ndio usioeleweka kabisa, na haukumpigia kelele hata siku moja.

Miaka mingi iliyopita fizi zake zilianza kutoa damu alipokuwa akisugua. Alifanya ambalo kila mtu hufanya: aliacha kusugua pale penye damu, akaogopa kujiumiza. Kumbe ufizi ulikuwa unatoa damu kwa sababu ukoga ulikuwa umekaa kwenye ukingo wake, mwili ukapeleka damu kupigana nao, ufizi ukavimba na kuwa laini. Ulipoachwa kusuguliwa, ukoga ukaongezeka. Damu ile ilikuwa inaomba kusafishwa zaidi, sisi tukaisoma kinyume.

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio rahisi mno. Waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote fizi zao zilikuwa zimevimba. Wakaambiwa waanze tena kusafisha, na kwa muda wa wiki moja hivi fizi zikapona. Kwa hiyo fizi zinazotoka damu leo, zikisuguliwa taratibu kwa mswaki laini asubuhi na usiku, kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Zisipotulia, nenda ukaonwe.

Hatua hiyo ya kwanza inarudi nyuma. Inayofuata hairudi. Ukoga ukiachwa siku kadhaa hadi wiki mbili, madini ya mate yanauganda unakuwa ugaga, mgumu kama chokaa, na hapo hakuna mswaki wa kuuondoa, uwe wa mti au wa plastiki. Unapatikana zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa sababu mifereji ya mate hufunguka hapo chini ya ulimi. Jino la mama lilitoka hapohapo. Kijiti chake kilisugua uso wa mbele vizuri kwa miaka mingi, hata meno yakang'aa, lakini upande wa ulimi hakikufika.

Juu ya ugaga hukaa ukoga mpya, ufizi unajitenga na jino, mfuko unafunguka kati yao, na chini humo mfupa wa taya unaoshikilia mzizi unaliwa polepole. Jino linaonekana kuwa refu. Watu husema "meno yameota zaidi", wakati ni ufizi na mfupa vilivyoshuka. Hakuna tundu, hakuna maumivu ya usiku, hakuna cha kumpeleka mtu hospitali. Anakuja kushtuka jino linapotikisika. Uzee haung'oi meno. Ni ugonjwa uliopewa miaka mingi bila kusumbuliwa.

Baadhi ya mambo huuongezea kasi. Sigara na tumbaku nyingine huubana mshipa wa damu, ufizi unaonekana mkavu na mzima huku ndani ukiharibika. Mimba, kwa mabadiliko ya homoni, huifanya fizi kuvimba upesi, na mama mjamzito anahitaji kusafisha zaidi. Mtoto tumboni hachukui kalsiamu kwenye meno ya mama yake. Na kuna kisukari. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari ya damu iwe ngumu kushuka. Tabibu aliyemwona mama alimtuma kwanza akapime sukari kabla ya jambo lolote. Ikakutwa iko juu. Leo anahudhuria kliniki, na naamini jino lile lilituonyesha ugonjwa ambao ungekaa kimya miaka mingine.

Weupe, mwanya na uzuri

Uzuri wa meno una historia ndefu huku kwetu. Wazee wa Kimakonde wa uwanda wa Newala walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na kwao huo ulikuwa urembo na utambulisho. Waswahili tunasifia mwanya mpaka leo. Mwanya wa kuzaliwa nao si ugonjwa, hauhitaji kuzibwa. Ila kuutengeneza kwa tupa, kama wengine wanavyofanya, ni kupoteza kitu kisichorudi: chembe zinazojenga enameli hufa jino linapoota, kwa hiyo enameli iliyoondoka haioti tena.

Sheria hiyohiyo inahukumu limau na mkaa. Dentini kwa asili ni ya manjano, na enameli inaifunika kama kioo chenye ukungu. Ukisugua meno kwa limau au ndimu, tindikali inakwangua tabaka la juu, na siku chache unaona yamekuwa meupe. Baada ya miezi kioo kimekuwa chembamba na umanjano unaonekana zaidi, pamoja na ganzi kila ukinywa maji baridi. Mkaa uliosagwa unakwaruza hivyohivyo. Hata embe bichi na chumvi, chakula chetu cha msimu, usikifuatishe na mswaki papo hapo. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa. Na mtu aliyekulia Arusha au Kilimanjaro mwenye meno ya kahawia msimwite mchafu. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floraidi kupita kiasi, nayo ilimwingia meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya. Madini yaleyale, kidogo ni kinga, mengi ni doa.

Rangi inayostahili kuangaliwa kwanza ni ya ufizi: uwe umekaza, hautoki damu, na kwa wengi wetu huwa na madoa meusi ya asili ambayo ni sawa kabisa. Harufu ya kinywa nayo mara nyingi inatoka kwenye ulimi wa nyuma na mifuko ya fizi, si tumboni. Sugua ulimi.

Kuna jambo moja siwezi kulipita, nalo ni "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wapo wanaompeleka akakatwe ufizi, atolewe vijino vyeupe vinavyodaiwa kumuua. Vile ni machipukizi ya chonge zake, yako ndani ya kila mtoto. Kuyachimba kwa kisu au spoki ya baiskeli kunaleta damu isiyokatika, pepopunda, na meno ya ukubwani yanayoharibika kabla ya kuota. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi (ORS) na zahanati.

Kwa tabibu

Watu wengi huku huingia chumba cha meno wakiwa wameshaamua kung'oa. Hospitali ya Ligula kwa Mtwara, ya Sokoine kwa Lindi, swali la kwanza linaloulizwa ni "mnang'oa leo?" Naelewa; nauli ya kutoka kijijini ni moja, na mtu anataka kumaliza. Lakini jino linalouma kwa baridi tu mara nyingi linazibika. Na kuziba hakuhitaji mashine kila wakati: kuna njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji maalumu inayogandamana na jino na kutoa floraidi, bila umeme. Njia hiyo, inayotumika sasa duniani, ilianza kujaribiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya mtaalamu wa Kiholanzi, Jo Frencken. Gego la mwanangu lilizibwa hivyo. Alikunja uso mara mbili, hakulia.

Mama yeye aliondolewa ugaga. Alikuwa ameambiwa kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Kilichotokea ni kwamba ugaga wenyewe ulikuwa umeyaziba mapengo. Ulipotoka, aliyaona mapengo yaliyokuwepo siku zote. Wiki ya pili fizi zilikuwa zimekaza.

Kijiti hajakiacha, wala sikumwomba akiache. Anakata ncha mpya kila siku mbili, anaielekeza kwenye ukingo wa ufizi, anapitisha upande wa ulimi pia, na usiku anachovya kwenye dawa kidogo yenye floraidi ambayo sasa amekubali kuivumilia. Mjukuu wake anakaa naye barazani na mswaki wake wa kijani, wanahesabu pamoja mpaka dakika mbili. Ubuyu umehamia baada ya chakula cha mchana. Jino la mama lililokuwa jirani na lile lililotoka bado linatikisika kidogo, na tabibu amesema turudi baada ya miezi mitatu alitazame.